Trekta na Udongo wa Marambo



Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza kulima karanga Tanganyika kwa matrekta, mengine yakiwa yameundwa kutokana na vifaru vya vita. Nachingwea ikachaguliwa pamoja na Kongwa na Urambo. Misitu iling'olewa, na reli ikajengwa kutoka Mtwara. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimeteketea. Mwaka 1962 reli nayo ikafungwa.

Trekta halikuwa na kosa. Walikosa waliopanga kila kitu London kabla ya kuzijua vyema mvua na udongo, wala hawakumwuliza mwenye jembe. Na hao ndio walioitwa wataalamu!

Leo Ruangwa inatajwa kwa madini ya kinywe, yatumikayo katika betri za magari ya umeme. Juu ya ardhi hiyo mna mikorosho, mihogo na makaburi ya wazee. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeupa Mkutano Mkuu wa Kijiji sauti yake. Muhtasari wa mkutano huo huandikwa na mtumishi wa umma, na neno la mkulima lisipoandikwa humo, halifiki Dodoma.