Pikipiki ya zamani, familia mbili na karatasi moja

Maneno tuliyosema Butembo mbele ya familia zilizokimbia vita, familia zilizozipokea na viongozi wa kartie



Leo tumekuja kuzungumza juu ya pikipiki mbovu. Mtu anaweza kucheka, lakini pikipiki mbovu imetufundisha sisi wenyewe jambo ambalo hatukulijua.

Habari ya kukimbia mnaijua kuliko sisi. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya upande wa Beni yamefukuza watu Mbau, Oicha, Eringeti na vijiji vingi vingine. Mwaka 2024, vita ilipofika Kanyabayonga mwezi wa Juni, familia nyingi tena zilikimbilia Lubero na Butembo. Wengi hawakulala kambini. Walipokelewa na jamaa, na watu wa kanisa, hata na mtu ambaye hawakumjua jana yake. Nyumba moja, jiko moja, familia mbili.

Katika nyumba moja ya namna hiyo, hapa Butembo, mwenyeji alikuwa na pikipiki iliyolala miaka mitatu nyuma ya jiko. Kuku walilala juu yake. Mgeni wake alikuwa fundi huko alikotoka. Sisi tukampa vyombo vya kazi, tukafurahi, tukaenda zetu. Baada ya siku kumi na mbili motere ikanguruma, na watoto wa avenyu nzima wakashangilia.

Juma lililofuata ugomvi ukaanza. Mwenyeji akasema: «Pikipiki ni yangu, nilikupa na nyumba.» Mgeni akasema: «Bila mikono yangu, mpaka leo ingekuwa ya kuku.» Wamama wakaacha kupika pamoja. Halafu majirani wakaingia, na neno likageuka: si baba fulani na baba fulani tena, bali «wenyeji» na «wakimbizi». Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Ndugu zetu, kosa lilikuwa letu pia. Tulileta funguo za kufungulia motere, hatukuuliza ni nani atakula nini itakapowaka. Kwa hiyo leo tunawapa utaratibu mwingine.

Kwanza, karatasi. Kabla ya kufungua bulo hata moja, tazameni karti roze. Namba iliyochongwa kwenye chuma cha pikipiki, karibu na usukani, ilingane na namba ya karatasi. Katika vita pikipiki nyingi zimenyang'anywa njiani. Ukitengeneza ya wizi bila kujua, siku moja mwenyewe ataiona barabarani, na wewe ndiwe utaitwa mwizi au mtu wa porini.

Pili, mapatano. Tuseme mnakubaliana kwamba pikipiki ikiwa mbovu ni dola 150. Mgeni ananunua vipande vya dola 60, na kazi yake mnaihesabu dola 40. Jumla ni 250. Basi sehemu tatu ni za mwenyeji, sehemu mbili ni za mgeni. Pesa ya kila jioni, mkishatoa ya esanse na akiba ya matengenezo, mnaigawa hivyo hivyo. Andikeni pia mgeni akirudi kwao itakuwaje: mwenyeji atamlipa sehemu yake kidogo kidogo, au wataiuza pamoja? Wawili watie sahihi mbele ya shefu wa avenyu, na wake zao wawepo. Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Tatu, mahali. Fanyeni kazi nje, mbali na makaa, na watoto wasikaribie. Esanse isiwekwe katika chupa ya maji ya kunywa ndani ya nyumba yenye watoto.

Nne, kazi yenyewe. Msianze kununua vipande. Anzeni kutafuta ugonjwa, kwa mpango.

Esanse ya zamani imwagwe yote. Iwekeni katika chupa nyeupe, mngojee kidogo: ikiwa na maji, maji yatakaa chini. Safisheni tangi na kabureta. Matundu madogo ya kabureta msiyachokoe kwa waya wa chuma, mtayapanua na pikipiki itakula esanse kupita kiasi. Pulizeni hewa, au tumieni uzi laini wa brosi.

Kisha toeni bujii, muisafishe. Esanse iwe imeondolewa mbali. Bujii igusane na chuma cha motere huku ikiwa imeshikwa kwa kofia yake ya mpira, mtu apige kiki. Cheche ikionekana vizuri, umeme upo. Halafu wekeni kidole kwenye tundu la bujii, mpige kiki tena: upepo ukisukuma kidole kwa nguvu, pistoni bado ina uhai. Upepo ukiwa dhaifu, hapo ndipo gharama ilipo, na ni vizuri wote wawili waijue kabla pesa haijatoka.

Mafuta ya motere yaliyolala miaka yabadilishwe. Na kabla ya kujaribu barabarani, tazameni freni, pine na sheni. Pikipiki inayowaka lakini haisimami ni jeneza. Barabara ya Butembo na Beni ina miteremko, na mnayembeba nyuma anaweza kuwa mama anayekwenda kujifungua.

Mwisho, kila kipande kilichonunuliwa kiandikwe katika daftari siku hiyo hiyo, na kipande cha zamani kiwekwe mpaka mwenzako akione. Hivyo hakuna atakayesema: «Aliniibia.»

Mtauliza wale wababa wawili waliishia wapi. Waliketi, wakahesabu upya, wakaandika. Pikipiki ikaanza kufanya taksi. Lakini wamama walichelewa miezi kabla ya kupika tena kwenye jiko moja, kwa sababu maneno yaliyosemwa mbele ya majirani hayana kipande cha kubadilisha. Karatasi ile ingeandikwa siku ya kwanza, maneno hayo yasingesemwa.

Kwa hiyo, mashefu na wanakamati, tunawaomba jambo moja. Mkisikia nyundo inagonga nyuma ya nyumba yenye familia mbili, piteni, msalimie, muulize: «Mmekwisha kuandika?»

Amani ikae katika nyumba zenu.