Wazazi, Tuchunge Ndimi Mbele ya Watoto wa Chekechea



Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti elimu ya chekechea, kwa hivyo jambo hili ni letu. Hapa Nakuru, darasa moja la PP1 huwa na Mkikuyu, Mkalenjin, Mluo, Mkisii na Mturkana. Wakigombana, ni kwa ajili ya bembea. Jina la dharau la kabila la jirani mtoto hulitoa nyumbani, tunapopiga siasa tukidhani amelala. Tunakumbuka maneno hayo yalitufikisha wapi mwaka wa 2008.

Mwalimu atawafundisha salamu za lugha zote, lakini jioni mtoto anarudi kwako. Akikuuliza mbona mwenzake anaongea tofauti, usimnyamazishe. Mwambie hiyo ni lugha ya kwao, kisha mwombe akufundishe neno moja.