Safari ya Unguja Wakati wa Masika

Leo twapenda kuzungumza habari za kisiwa cha Unguja; si Unguja ya jua na mchanga mweupe, bali Unguja ya mwezi wa Aprili, mvua imwagikapo mchana na usiku.

Kwetu sisi wakaazi wa Majengo, hapa Dodoma, mvua ni kitu cha kuhesabiwa. Kwa mwaka mzima hatupati hata milimita 600, nazo huja kwa msimu mmoja tu, tangu Desemba mpaka Aprili. Zikichelewa, uwele na mtama huungua shambani, na watu hutazama mbingu kama mdai amtazamavyo mdeni wake. Basi tulipoazimia, walimu wanne, kwenda Unguja katika likizo ya Pasaka, na jamaa wakatuonya ya kuwa masika imekwisha kuingia, tulicheka. Nani wa Dodoma aogope mvua?

Tulipanda treni ya umeme, ile iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, tukalala Dar es Salaam, na asubuhi tukavuka kwa meli. Mvuko huo ni wa saa 2 hivi. Bahari ilikuwa shwari, nasi tukajiona mabaharia.

Mvua ilitupokea bandarini. Haikuwa mvua ya kwetu, ipigayo kwa ghadhabu saa moja ikaenda zake. Ilinyesha kwa utulivu, kama mtu mwenye kazi ndefu mbele yake. Mwezi wa Aprili peke yake huko huweza kupata zaidi ya milimita 300, yaani zaidi ya nusu ya mvua yetu ya mwaka mzima. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe maji yalitiririka kutoka mapaani, na pale Darajani, ambapo zamani palikuwa na mkono wa bahari uliofukiwa baadaye, tulivua viatu. Nyumba za mji ule zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, juu ya boriti za mikoko; maji yakipenya, boriti huoza na kuta hulegea. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, sehemu yake kubwa ilianguka tarehe 25 Desemba 2020.

Wageni wa ng'ambo walikuwa wachache, na baadhi ya hoteli za pwani zimefungwa, kwani ndiyo desturi yao Aprili na Mei. Nyumba ya wageni ilitupunguzia kodi pasipo kuombwa. Jioni tulikula urojo chini ya turubai pamoja na wenyeji, waliokuwa na nafasi ya kuzungumza nasi. Kesho yake tulikwenda msitu wa Jozani, ambao chini yake maji hukaa karibu sana na uso wa nchi; wakati wa masika sehemu zake hugeuka kinamasi. Tuliwaona kima punju wamejikunyata juu ya matawi, wamelowa kama sisi.

Siku ya kurudi tulikuta meli hazitoki. Usiku upepo ulikuwa umevuma kwa nguvu, na bahari imechafuka. Wazee wa pwani huuita wakati ule tanga mbili: kaskazi imekwisha, na kusi bado haijashika njia yake, hata upepo hauna ahadi.

Sasa, mwenzetu mmoja alikuwa amemwacha mkewe mjamzito, naye asubuhi ile alikuwa amepashwa habari kwa simu kwamba uchungu umeanza mapema. Akatoka peke yake mpaka ufukoni, akapatana na mwenye mashua moja amvushe kwa siri. Tulipomfikia alikuwa ameshika fedha mkononi. Hatukuwa na neno la kumzuia. Sisi tungemwambia nini juu ya bahari?

Aliyesema ni mzee mmoja, nahodha wa zamani, aliyekuwa akishona tanga chini ya kibanda. Tulimwamkia, "Shikamoo, mzee." "Marahaba, wanangu." Kisha akamgeukia mwenzetu: "Mwalimu, nyumbani wanangoja watu wawili, mtoto na wewe. Usiwapunguzie."

Akatuketisha, akatusimulia mambo aliyorithi kwa wazee wake: jinsi tarehe 15 Aprili mwaka 1872, siku za Sultani Barghash, kimbunga kilivyopiga Unguja, kikavunja vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu mashamba kwa mashamba, na Pemba ikanusurika. Mambo hayo yamo pia katika vitabu vya historia. Wala si ya kale tu: Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, safari za meli baina ya Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa.

Mwenzetu alirudisha fedha mfukoni. Tulikaa siku 2, mvua ikinyesha, naye hakulala. Usiku wa kwanza simu ililia, tukasikia ya kuwa amepata mtoto wa kike, na mama yu mzima. Siku ya tatu meli ziliruhusiwa, tukavuka. Tulipoteremka Dodoma jua lilikuwa kali na makorongo yamekauka. Yeye hakupitia kwake kuweka mzigo, alikwenda moja kwa moja hospitali, na viatu vyake bado vibichi.