Mkebe, Birika na Dereva wa Namanga

Tuseme Bunge limeamua kesho kwamba kafeini iwekwe kundi moja na pombe na sigara: leseni, saa za kuuza, umri wa mnunuzi. Hapa Kitengela askari angeanzia wapi? Pale Noonkopir, kwa mama wa chai na mandazi anayewasha jiko saa kumi alfajiri ili mfanyakazi wa viwanda vya EPZ asipande matatu na tumbo tupu? Au ateremke mpaka manyatta za Bissil, amkute mtoto na kikombe chake cha chai ya maziwa, amdai kitambulisho?

Nacheka, lakini wanaotaka sheria hiyo hawakosi hoja. Mwili huizoea kafeini, na ukiunyima ghafla hudai. Waulizeni wapenzi wa kahawa wanaofunga Ramadhani kile kichwa cha siku za kwanza. Si njaa peke yake. Madaktari wa akili wa Marekani waliitambua hali hiyo katika mwongozo wao wa magonjwa mwaka 2013. Hata hivyo uraibu una ngazi zake. Sijasikia mtu aliyeng'oa mabati ya nyumba akayauza ili anunue majani ya chai.

Tena marufuku ya jumla tumeiona inavyokwenda. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga muguka, aina ya miraa, marufuku Mombasa. Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Rais akasema amri hizo ni batili, na korti ya Embu ikazisimamisha zile za Mombasa na Kilifi. Hiyo ilikuwa muguka tu. Chai inayopitia shirika la KTDA ina wakulima zaidi ya 600,000. Mbunge gani atawagusa?

Kwa hivyo mimi ningeliacha birika, nikaushika mkebe wa enaji. Kikombe cha chai kina miligramu kama 50 za kafeini, na moto wake unakulazimisha unywe polepole. Mkebe wa Red Bull wa mililita 250 una 80. Ni baridi, ni tamu, unakwisha kabla matatu haijajaa. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya asipitishe 400 kwa siku, mjamzito 200, na mtoto apimiwe 3 kwa kila kilo ya uzito wake. Basi mtoto wa kilo 25 kikomo chake ni 75. Mkebe mmoja, ameshapita. Chupa ya nusu lita ya ukali uleule, amepita zaidi ya mara mbili. Na anauziwa dukani pamoja na mkate, kwa sababu sheria ya pombe ya 2010, inayowakinga walio chini ya miaka 18, haivihusu vinywaji hivi. Lithuania ilikataza kuwauzia watoto mwaka 2014, Latvia 2016, Poland 2024. Hili Kenya inaliweza bila kumkosesha mkulima wa Kericho hata senti.

Wako pia wanaochanganya enaji na pombe kali. Kafeini haipunguzi pombe kwenye damu. Inamfanya mlevi ajione mzima, na mlevi wa namna hiyo ndiye anayeomba funguo za gari.

Sasa simama usiku kando ya barabara ya Namanga, kuanzia Yukos mpaka Isinya, uone wanunuzi wengine: dereva wa lori la saruji, mtu wa boda, bawabu. Hawa hawanywi kwa anasa. Ubongo ukikesha hukusanya kemikali inayouambia umechoka. Kafeini huziba tu mahali ujumbe ule unapopokelewa. Uchovu wenyewe haujaenda popote. Na baada ya saa tano hivi, karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini, hivyo aliyekunywa saa nne usiku Kajiado mjini, hata akipata nafasi ya kujinyoosha Namanga, hupata usingizi wa mang'amung'amu.

Dereva anayelipwa kwa safari ananunua kwa mkebe zile saa ambazo mwenye lori amemnyima. Mnyang'anye mkebe, atahamia kibanda cha miraa kilicho hapo hapo jirani. Ndiyo maana wanaponiuliza sheria ya kafeini iko wapi, mimi huwaonyesha Sheria ya Trafiki. Tangu marekebisho ya 2012, inakataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha zaidi ya saa nane ndani ya saa 24, na mwajiri anayemruhusu naye ana kesi ya kujibu. Barabarani polisi wanatusimamisha tupulize alkobloo, sawa. Kumuuliza dereva ameshika usukani tangu saa ngapi, na nani alimpangia safari hiyo, hakuhitaji mashine.