Kabla Hujabonyeza ‘Tuma’: Maneno kwa Walimu na Wazazi wa Cheptiret

Hii ni hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa walimu na wazazi wa wadi ya Cheptiret/Kipchamo, Kaunti Ndogo ya Kesses.



Nimeombwa nizungumze juu ya mwalimu na teknolojia darasani. Mimi si mwalimu. Nilisomea uanahabari, na kazi yangu ni kupiga picha na kuandika habari. Basi nitaanza na picha, maana hapo ndipo nilipokosea.

Nilipokuwa ripota mchanga, kabla sijaajiriwa na kaunti, nilitumwa kuandika habari za watoto waliopewa sare na wafadhili. Nikampiga picha msichana mmoja wa darasa la tatu akipokea sweta. Ilikuwa picha nzuri. Chini yake nikaandika jina lake, shule yake, na kwamba wazazi wake wamefariki. Mwalimu alikuwa ameniruhusu, nami nikaona imetosha. Miaka kadhaa baadaye kogo wake alinikuta stendi ya matatu. Aliniambia kwamba mjukuu wake yuko sekondari, wenzake wameipata ile picha kwenye simu, na sasa wanamwita Sweta. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama ninaweza kuiondoa. Kwenye ukurasa wangu niliifuta siku hiyo hiyo. Kule ilikokwisha kusambaa sikuweza.

Mwalimu alikubali, mpiga picha alikubali, mfadhili alifurahi. Kogo hakuulizwa na mtu.

Siku hizi kumuuliza kogo si hiari. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inasema taarifa za mtoto hazitumiwi mpaka mzazi au mlezi wake akubali, na hata akikubali, zitumiwe kwa njia inayolinda haki na maslahi ya mtoto. Picha ni taarifa. Jina, alama za mtihani, ugonjwa na karo anayodaiwa pia ni taarifa. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Hebu mwalimu mkuu yeyote aliye hapa apige hesabu ya kutafuta hela hizo.

Najua wengine mnasema picha zetu ni za kundi la WhatsApp la wazazi tu. Kundi la wazazi sabini si chumba chenye mlango. Mmoja akituma kwa shangazi yake Turbo, basi imetoka. Na kuna jambo linaloniuma kuliko picha: orodha ya matokeo ya darasa zima, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na majina kamili. Yule wa mwisho naye ana mama kwenye kundi hilo. Mtumie kila mzazi matokeo ya mwanawe peke yake. Ni kazi zaidi, ndiyo, na bando ni lako. Lakini kuna walimu wanaofanya hivyo.

Idhini nayo isiwe mstari mmoja uliofichwa kwenye fomu ya kujiunga na shule. Mwambie mzazi utapiga picha gani, utaiweka wapi na kwa nini, kwa lugha anayoielewa. Anaweza kukataa, na mtoto wake asitengwe kwa hilo. Anaweza pia kukubali leo na kughairi mwezi ujao; sheria inampa haki hiyo. Ukitaka kuonyesha kazi ya darasa, piga picha ya mikono, daftari au bustani. Picha hizo huwa nzuri, nawaambia kama mtu wa kamera.

Sasa vishikwambi. Mnakumbuka ahadi ya 2013 ya kompyuta kwa darasa la kwanza, na jinsi mpango ulivyoanza kweli mwaka 2016. Sehemu ya vifaa hivyo ilitolewa na jirani zetu, Chuo Kikuu cha Moi, wakishirikiana na kampuni ya JP Sá Couto ya Ureno. Zaidi ya vifaa milioni moja vilifika katika shule za msingi nchini. Vilifika, kisha vingi vikafungiwa kabatini. Sitawalaumu walimu. Ukipewa kifaa cha serikali na kuambiwa kikiibwa utaulizwa wewe, hata mimi ningekifunga kwa kufuli mbili.

Lakini nilikaa nyuma ya darasa la mwalimu mmoja aliyekaribia kustaafu. Alikuwa na vishikwambi vichache vinavyowaka, watoto watano kwa kila kimoja. Alikwama mahali, akawaambia watoto wazi: “Hapa sijui, nani anajua?” Msichana mmoja akaja akamwonyesha. Mwalimu akamshukuru, somo likaendelea. Sikuona heshima yake ikipungua hata kidogo. Kabla ya kengele alikagua kila kifaa na kufuta picha ambazo watoto walikuwa wamepigana.

Tume ya Huduma za Walimu ilizindua mafunzo ya kukuza taaluma mwaka 2021, na malalamiko juu ya mwalimu kujilipia shilingi 6,000 kwa mwaka nimeyasikia. Mimi naona yana uzito. Hata hivyo, yale niliyoyaona darasani siku ile hayakulipiwa. Walimu watatu wakikaa pamoja Ijumaa jioni, mmoja anayejua na wawili wanaoogopa, hayo pia ni mafunzo.

Walimu wa chekechea, ninyi mko chini ya kaunti, kwa hiyo nasema nanyi kwa karibu zaidi. Watoto wenu hawawezi kujisemea kabisa. Rekodi zao zisikae kwenye simu ambayo mwanao nyumbani anachezea michezo. Wekeni neno siri. Simu yenye rekodi hizo ikipotea, ripoti siku hiyo hiyo bila kungoja kuona kama itapatikana, kwa sababu data ikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mtu, sheria inaitaka taasisi kumjulisha Kamishna ndani ya saa 72. Na wale mnaotumia akili unde kuandaa masomo, itumieni, ila msiiandikie majina ya watoto na shida zao za nyumbani.

Kuna fomu ya idhini hapo mezani, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Wazazi, isomeni kabla ya kutia sahihi, na mkiona neno gumu lipigieni mstari ili tulibadilishe. Leo sitapiga picha ya mtoto yeyote. Chai iko tayari.