Maji ya Ubongo Yanayovuja Puani: Nani Yumo Hatarini?

Kila Aprili chavua ya mialoni hutanda Washington na vitongoji vyake, kuanzia Silver Spring hadi Alexandria, na pua za watu wengi huchuruzika. Ndiyo maana mama anayelalamika kutokwa na maji puani huambiwa ana aleji na kupewa dawa ya kupuliza. Mara nyingi ni kweli. Mada hii inawahusu wale wachache ambao maji yao hutoka kwenye ubongo, bila kutanguliwa na ajali wala upasuaji.

Mwili hutengeneza takriban nusu lita ya maji hayo kwa siku. Yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo kwa wakati mmoja ni mililita 150 hivi. Mengine hunyonywa yakarudi kwenye damu. Yasiponyonywa vizuri, shinikizo ndani ya fuvu hupanda. Kati ya ubongo na pua pana mfupa mwembamba wenye vitundu kama chujio, zinamopita neva za kunusa. Shinikizo likiukandamiza miaka nenda miaka rudi, mfupa hulika, utando ukachanika, maji yakapata njia.

Wanaopatwa zaidi ni wanawake wa makamo wenye uzito mkubwa, na wengi wao wana shinikizo la fuvu lisilojulikana chanzo. Kukatika pumzi usingizini nako kumo: kila pumzi inapokatika, shinikizo hupanda, na hutokea mara nyingi kwa usiku mmoja. Kwa hiyo mtu anayekoroma sana na kuamka na uchovu apimwe usingizi wake, asichekwe. Wala uzito usifanywe shutuma. Mgonjwa anayeona haya hafiki kliniki.

Liko jambo linalopotosha hata wataalamu. Maji yakishaanza kuvuja, shinikizo hupungua, na maumivu ya kichwa ya siku nyingi huweza kutulia. Mgonjwa hudhani amepata nafuu, kumbe mlango umefunguka kwa vimelea. Hatari kubwa ni homa ya uti wa mgongo, hasa ile ya bakteria wa nimokoka, na chanjo yake ipo.

Muulizeni mgonjwa: maji ni maangavu? Yanatoka tundu moja la pua? Yanazidi akiinama au akisujudu? Anahisi chumvi kooni? Akijibu ndiyo, akinge maji hayo kwenye kichupa safi, yapimwe beta-2 transferini, protini isiyopatikana katika kamasi za kawaida. Kipimo cha zamani cha kutafuta sukari katika maji hayo kisitegemewe, hudanganya.

Mwaka 1926, Walter Dandy wa Johns Hopkins, hapo jirani Baltimore, alifungua fuvu ili kuziba tundu linalovujisha maji ya ubongo. Leo madaktari wa pua hupitia puani kwa endoskopu, na zaidi ya asilimia 90 ya matundu huzibika. Lakini tundu likizibwa, shinikizo lililokuwa likipungua kwa kuvuja hupanda tena na kutafuta upenyo mwingine. Basi baada ya upasuaji mgonjwa huhitaji kupimwa shinikizo, kupewa dawa ya asetazolamidi ikibidi, kusaidiwa kupunguza uzito, na, ikiwa hutumia mashine ya kupumulia usiku kwa sababu ya kukatika pumzi, kuelezwa na mpasuaji wake lini airudie, kwani ikirudiwa mapema husukuma hewa ndani ya fuvu.