MAZUNGUMZO KUHUSU MALIPO YA VIFAA VYA VITA BAINA YA MATAIFA WASHIRIKA



Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Uingereza ilinunua silaha Marekani kwa fedha taslimu, na ikalazimika kuusafirisha mzigo kwa meli zisizo za Marekani. Kufikia mwisho wa mwaka 1940 dola zake zilikuwa zinakaribia kumalizika.

Tarehe 11 Machi 1941 Rais Roosevelt alitia saini Sheria ya Kukopesha na Kukodisha. Hadi mwaka 1945 Marekani ilikwishatoa ndege, malori, mafuta na vyakula vya thamani ya takriban dola bilioni 50, zaidi ya nusu vikienda Uingereza na himaya yake. Neno "kukopesha" lilikuwa la heshima kuliko la hesabu, kwani vilivyoteketea vitani hatimaye havikudaiwa. Washirika nao walilipa kwa vitu: Uingereza iliwapatia askari wa Marekani kambi na viwanja vya ndege, Australia na New Zealand ziliwalisha.

Uzito ulikuja Agosti 1945, Rais Truman alipousimamisha mpango huo ghafla. Vifaa vilivyosalia, na vilivyokuwa njiani, sasa vilihitaji kulipiwa. Kwa makubaliano ya Desemba 1945 hesabu zilifungwa kwa dola milioni 650, na Uingereza ikapewa mkopo mpya wa dola milioni 3,750 kwa riba ya asilimia 2. Umoja wa Kisovieti ulibishana hadi mwaka 1972 ndipo ukapatana na Marekani. Uingereza ililipa fungu lake la mwisho Desemba 2006.